Kufunga na kutumia leza ya kuchomelea ya mkononi, usiumie macho

Haya mafundi karibuni, leo ndo ile mashine mmeniuliza sana, leza ya kuchomelea ya mkononi, hii ni ya wati 1500, na tutaunga stenlesi ya milimita 1.5.

Kabla sijawasha tuongee macho kwanza. Sisi tuliozoea mashine ya vijiti tuna kale kamchezo ketu, unafumba macho, unagusa, unachungulia pembeni, miwani yenyewe ya jua. Hapa sahau kabisa. Mwanga wa leza hii una urefu wa wimbi wa nanomita 1080, jicho haliuoni, kwa hiyo hata kope haishtuki ikafumba, na ukigonga stenlesi au alumini unaruka unaenda kumkuta dogo aliyekaa kule nyuma na chipsi zake. Ule weupe mnaouona ni chuma kinayeyuka, sio leza yenyewe. Miwani iwe imeandikwa 1080 na OD (kiwango cha kuzuia mwanga) 6 kwenda juu, halafu juu yake helmeti, maana helmeti ya kawaida peke yake haizuii. Asiye na miwani atoke nje, mlango ufungwe.

Twende kwenye kufunga. Mashine iwe na laini yake ya umeme na breka yake, sio ekstensheni ya kuchajia simu, na umeme wetu mnaujua, weka stabilaiza. Chila, yaani kile kipozeo cha maji cha mashine, jaza maji distili, ya kisima yataacha chumvi mle ndani. Mrija wa faiba, ule unaopitisha leza, usiukunje kama hosi ya maji, ule ni kioo, ukikatika umeumia mfukoni.

Gesi tunatumia argoni, lita 15 mpaka 20 kwa dakika. Inalinda chuma na inalinda lenzi ya bunduki pia moshi usirudi ndani.

Sasa lenzi, sogeza kamera hapa... mnaona kanukta keusi kadogo kama kichwa cha sindano? Hii imeshakufa, tena niliiua mwenyewe, niliifungua jana feni inapuliza. Zima feni, nawa mikono, chomoa, ziba tundu kwa selotepu palepale, lenzi mpya ishike kwenye kingo tu.

Kibanio hiki msikifananishe na asi (kile kibanio cha ethi) ya mashine ya vijiti. Hiki ni kufuli. Nozo, yaani mdomo wa bunduki, ikigusa chuma ulichokibana ndo leza inakubali kutoka, ukiinua inakata. Kuna mtu nilimkuta kakibana kwenye nozo yenyewe ati asisumbuke, yaani hapo kufuli hakuna tena, akibonyeza kitufe inapiga popote ilipoelekea, hata kwenye mguu wake.

Washa chila, fungua gesi, leza mwisho. Bandika selotepu mdomoni mwa nozo, piga kidogo kwa nguvu ndogo, tundu likikaa katikati uko sawa. Mimi naanzia nguvu asilimia 50, upana wa kuchezesha mwanga huku na huku milimita 3, najaribu kwenye kipande kibovu kwanza. Nozo iguse, bunduki ilale kidogo, vuta taratibu bila kusimama, ukisimama unatoboa. Bati la zinki usilichomelee kwenye chumba kisicho na hewa, moshi wake unaleta homa.

Ukimaliza zima leza, gesi ipulize kidogo, chila iache izunguke dakika kadhaa, halafu ufunguo wa mashine weka mfukoni, usiuache pale hata kama unaenda chai tu, dogo wa chipsi bado yupo.