Kuchagua Bastola ya Kubeba Kila Siku: Mazungumzo na Ndugu wa Fort Worth

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine wote hamjambo. Nashukuru kwa kuja, maana najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala. Naona Wakenya, naona Watanzania, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wamejaza upande ule wa dirishani. Baadhi yenu mlikimbia bunduki kabla ya kufika Texas, kwa hiyo sitazungumza habari hii kama mtu anayeuza simu.

Mezani hapa nimepanga bastola sita za plastiki za kufundishia. Haziwezi kutoa risasi. Tukimaliza mtakuja kuzishika, na ndiyo maana niliomba mtu asije na ya kwake.

Nianze na nani anaruhusiwa. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea anaweza kubeba bastola Texas bila leseni, mradi sheria haimzuii. Habari hiyo imewafikia watu wetu nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba kuna sheria ya serikali kuu ambayo Texas haiwezi kuifuta. Aliyeingia kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi, mgeni wa matembezi, mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, hata ile ya kukodi kwenye kituo cha kulengea shabaha. Ipo misamaha michache, lakini usiitegemee kwa kuambiwa na rafiki. Mwone wakili wa uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi pia. Aliyeomba hifadhi na kesi yake haijaamuliwa, tafadhali asinunue chochote kabla ya kuongea na wakili wake. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake hana ruhusa. Anayevuta bangi ajue kwamba fomu 4473, ile unayojaza dukani ukinunua silaha, inauliza, na bangi kuwa halali katika jimbo fulani hakumsaidii. Kwa asiye raia, kuhukumiwa kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini. Nimewaona vijana wanaolichukulia hili kwa wepesi, na nawasihi wasifanye hivyo.

Hata wewe usiyehitaji leseni, ichukue. Serikali kuu inakataza kubeba bastola ndani ya futi 1,000 kutoka shule, ambazo ni kama mita 300, na mwenye leseni ya jimbo ilipo shule hiyo amesamehewa. Jiulize unapita karibu na shule ngapi kwa siku. Leseni ya Texas ina ada ya dola 40, na darasa lake lina mafunzo ambayo mtu mpya anayahitaji kwa vyovyote.

Sasa twende kwenye bastola yenyewe. Ninachotaka mtoke nacho hapa ni hiki: bastola ndogo kabisa ndiyo ngumu kuliko zote kulenga nayo.

Dada anaingia dukani, anasema hajawahi kushika silaha, anataka ya kujilinda akitoka kazini usiku. Muuzaji anauangalia mkono wake, anaiangalia pochi yake, kisha anamtolea kibastola kinachoenea kiganjani, au rivolva, ile yenye gurudumu la risasi 5, mara nyingine ya rangi ya waridi. Kinapendeza, ni chepesi, anakilipia. Siku ya kwenda kukijaribu, risasi ya kwanza inamshtua, ya tano inamwacha na vidole vyenye ganzi, na karatasi ya shabaha haina tundu hata moja katikati. Anakirudisha kabatini na hakigusi tena. Nimewaona kina dada wengi wakipitia hayo, na linaniuma, kwa sababu wanaondoka wakiamini mikono yao haifai.

Mikono yao haina kasoro. Risasi ikienda mbele, bastola inasukumwa nyuma. Bastola nzito huimeza sehemu ya msukumo huo. Nyepesi inaupeleka wote kiganjani. Glock 19, bastola ya ukubwa wa kati ambayo iko sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ina gramu 670 hivi pamoja na magazini tupu, yaani kile kikasha cha risasi. Rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 ina gramu 410 hivi. Ruger LCP, kibastola cha mfukoni kilichotoka mwaka 2008, hakifiki hata 300. Tena mtutu ukiwa mfupi, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinakaribiana, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kule kwenye karatasi. Mpini ukiwa mfupi, kidole kidogo kinakosa pa kushika, kinaning'inia hewani, na bastola inapinduka juu kila ikilia. Halafu kuna kifyatulio. Cha rivolva ile kinahitaji nguvu ya kilo 5 hivi kukivuta, wakati cha Glock kinahitaji karibu nusu ya hiyo. Ukifika nyumbani, jaribu kuinua dumu la maji la lita 5 kwa kidole kimoja bila mkono kutikisika, utanielewa.

Vibastola hivyo vina kazi yake. Kuna polisi wanaovibeba kama silaha ya akiba, na mtu aliyezoea miaka mingi anaweza kukilenga kimoja vizuri sana. Mwanafunzi mpya asianze navyo.

Zamani kidogo ungeniuliza, basi nibebe nini, ningekupa jibu gumu. Nyembamba zilikuwa na risasi chache: Smith & Wesson Shield ya 2012 ilibeba 7 au 8, Glock 43 ya 2015 ilibeba 6. Ukitaka zaidi, ulibeba kitu kinene kinachovimba chini ya shati. Mwaka 2018 SIG Sauer wakatoa P365, nyembamba, gramu 500 hivi, magazini yenye risasi 10. Wengine wakafuata haraka: Springfield Hellcat na Glock 43X mwaka 2019, Shield Plus mwaka 2021. Nyingi zinauzwa kati ya dola 400 na 600 hivi. Kwa hiyo leo hakuna sababu ya mtu mpya kununua kibastola cha mfukoni kwa kuwa tu kinafichika.

Mimi ningependa mwanzie hapa. Mkija mezani, shikeni hii, Glock 43X. Mpini wake una urefu uleule wa Glock 19, kwa hiyo vidole vyote vinapata nafasi, lakini ni mwembamba, na mkono mdogo unaukumbatia. Kisha shikeni P365XL, ambayo ni P365 iliyoongezwa urefu kidogo, kisha Shield Plus. Tazameni mambo mawili. Kwanza, ukiwa umeishika sawasawa, na mfupa wa mkono wako uko kwenye mstari mmoja na mtutu, je, ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mkono? Pili, kidole kidogo kiko kwenye mpini au kiko hewani? Hapo rangi, jina na sifa alizozitaja shemeji yako vinakuja mwisho.

Kuhusu risasi sitakaa sana. Chukueni 9mm. FBI, wapelelezi wa serikali kuu, baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 11, 1986, ambapo maofisa wake wawili waliuawa, walihamia risasi kubwa zaidi. Miaka kama 30 baadaye wakarudi kwenye 9mm, kwa sababu risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa na maofisa wengi walilenga vizuri zaidi nazo.

(Swali kutoka ukumbini: mama mmoja anasema viganja vyake vina baridi yabisi na hawezi kuivuta ile sehemu ya juu.)

Asante mama yangu, swali hili ni la wengi. Sehemu hiyo ya juu inayorudi nyuma wanaiita slaidi. Watu wengi wanaivuta kwa ncha za vidole viwili, na hapo hata kijana mwenye nguvu anahangaika. Tazama: naisogeza bastola karibu na kifua, mtutu umeelekea upande salama, kidole kiko nje kabisa ya kifyatulio. Kiganja cha kushoto kinaikamata slaidi kwa juu, vidole vyote vinne upande mmoja. Sasa sivuti. Mkono wa kulia unasukuma mpini mbele, kama unayempa mtu kitu, na wa kushoto unabaki palepale. Umeona? Unatumia bega na mgongo, vidole vinapumzika. Kwa wengi hiyo inatosha. Isipotosha, Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018, ya risasi za .380, na slaidi yake imetengenezwa iwe laini. Ni kubwa kidogo kuliko hizi nyingine, na ukubwa huo unakusaidia.

Sasa tuivae. Watu wanafikiri mtutu ndio unaoonekana chini ya nguo. La, mtutu unalala ndani ya suruali. Kinachochomoza ni mpini, hasa ukiinama kumfunga mtoto mkanda wa gari au ukinyoosha mkono kuchukua unga rafu ya juu. Mkijaribu nyumbani, na bastola ikiwa tupu, fanyeni harakati hizo mbele ya kioo. Kusimama wima kila mtu anaficha vizuri.

Na sisi tuna maisha yetu. Video nyingi za mafunzo zinamwonyesha mwanamume aliyevaa jinzi na mkanda mgumu. Dada aliyevaa dera hana mkanda. Mama aliyefunga mtoto mgongoni kwa kanga, miguu ya mtoto inafika palepale kiunoni ambapo wanakuambia uweke bastola. Na sisi ni watu wa kukumbatiana: ukitoka kanisani umekumbatiwa na nusu ya waumini. Kwa anayevaa dera au gauni la kitenge upo mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa tumboni, juu kidogo ya kiuno, lakini usinunue wa kitambaa kitupu. Lazima pale kifyatulio kinapokaa pafunikwe na plastiki ngumu. Nguo laini inaweza kujikunja na kuingia kwenye kifyatulio, na bastola haitofautishi nguo na kidole. Siku unayombeba mtoto mgongoni, iache nyumbani kwenye sefu.

Pochi siipendi. Unaiweka kwenye kiti cha mgahawa, unaiacha kwenye toroli la dukani, mjukuu anaingiza mkono kutafuta pipi. Ukiamua kutumia pochi licha ya haya, iwe ile yenye chumba cha peke yake cha bastola, yenye ala ngumu ndani, yaani kifuko cha kuchomeka bastola, na isiondoke mwilini mwako.

Ala ni nusu ya ununuzi. Iwe imetengenezwa kwa bastola yako hasa, ifunike kifyatulio chote, na isilale kama bahasha ukitoa bastola. Ukiirudisha bastola kwenye ala, irudishe polepole, ukiangalia. Hakuna anayekukimbiza wakati huo.

Kabla ya kuibeba, ifanyie kazi. Vituo vingi vya shabaha vinakodisha, kwa hiyo kodi mbili tatu kabla ya kununua. Ukishanunua, piga angalau risasi 200, zikiwemo zile utakazozibeba. Ikikwama mara kwa mara, usiibebe. Kisha weka shabaha ya ukubwa wa sahani, hatua saba mbele yako. Siku utakapoweza kuweka risasi 5 ndani ya sahani hiyo, bila haraka, kila unapokuja, anza kufikiria kubeba.

Sehemu hii nawaombeni mnisikilize vizuri zaidi. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa garini na mchumba wake na mtoto wa mchumba wake. Alikuwa na kibali. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi, akafa, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachia polisi yule. Sisi ni watu weusi, na wengine lafudhi zetu ni nzito. Kwa hiyo leseni na kitambulisho vikae upande ule ambao bastola haipo. Bastola ikiwa kulia, pochi ya leseni iwe kushoto, au kwenye mfuko wa shati. Ukisimamishwa, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote juu ya usukani. Usipeleke mkono popote bila kuambiwa, na ukiambiwa sema kwanza mkono unakwenda wapi. Hapa Texas, mwenye leseni ya kubeba akiombwa kitambulisho akiwa na silaha anatakiwa kuonyesha vyote viwili. Michigan unatakiwa kusema mara moja, hata kabla ya kuulizwa. Mnaoendesha malori kati ya majimbo, someni sheria ya kila jimbo kabla ya safari. Na hakuna anayefunga bastola kwenye begi la Nairobi au Dar es Salaam.

Nyumbani, isiyokuwa mwilini iwe kwenye sefu iliyofungwa. Texas inamshtaki mtu anayeacha silaha iliyojaa bila kuifungia, kisha mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Na katika nchi hii zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu kujiua. Wapo kati yetu wanaoamka usiku na kumbukumbu za vita, na wapo vijana waliozidiwa na hawasemi. Kama ndani ya nyumba yako kuna mtu wa namna hiyo, au ni wewe mwenyewe, mpe nduguyo unayemwamini, ambaye sheria inamruhusu, akutunzie. Akipona utaichukua.

(Swali: mzee mmoja anauliza kama ni lazima kila mtu hapa awe nayo.)

Hapana, mzee wangu. Mimi nafundisha, na nimewashauri wengine waliokuja kwangu wasinunue. Kama huwezi kutenga siku moja kwa mwezi ya mazoezi, nunua tochi nzuri, kufuli imara na uwe na simu yenye chaji.

Basi karibuni mezani. Kina mama na wenye viganja vidogo mtangulie, na kila mmoja ashike zote sita kabla hajaniambia ipi ameipenda.