Masika yanajulikana yanakuja: mazungumzo na mameneja wa hoteli, Unguja

Assalaamu alaykum. Nashukuru kwa mwaliko. Sikuja kukwambieni muwapeleke wafanyakazi mafunzo ya kutuliza akili. Pesa hiyo hamna, na mimi mwenyewe siyaamini sana. Nimekuja kuzungumzia namna ya kuwatendea wafanyakazi wakati wa masika, wageni wanapopungua.

Mnakumbuka Aprili 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa. Ile ilitushtua sote. Lakini masika? Masika yanaingia kila Machi na kukaa mpaka Mei, na bado kila mwaka kuna mtu wa jikoni anayezijua habari za likizo bila malipo kwa kuzisoma ubaoni, zimebaki siku mbili. Ameshakopa mchele na mafuta dukani kwa ahadi ya mshahara, na zamu yake ya upatu haijafika. Hapo hamkumkosesha mshahara tu, mmemtia aibu mtaani kwake.

Mwambieni tangu Januari, tena kwa hesabu: vyumba vingapi vimeshashikwa, nani atabaki, siku ngapi kwa wiki, atalipwa tarehe gani. Kama pesa inatosha nusu ya watu, waulizeni kwanza. Wapo watakaoridhia kupokezana siku kuliko kuona wenzao wanarudishwa nyumbani. Mkikubaliana, liandikwe. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, haiendi likizo wageni wakiondoka. Na mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ukishakatwa kwenye mshahara wa mtu, ufike huko. Nalisema makusudi, na wenye kuelewa wameshaelewa.

Chakula cha wafanyakazi msikiguse. Mtaokoa kidogo sana, na kwa wengi wao ndio mlo mkubwa wa siku.

Usafiri ndio unaoniudhi zaidi. Zamu ya jioni Nungwi inamalizika saa tano usiku, daladala namba 116 ya kurudi mjini haipo tena. Dada wa mgahawani anasimama barabarani, mvua inanyesha, anabembelezana na bodaboda kwa bei aitakayo dereva. Nusu ya posho ya siku imeishia hapo. Isogezeni zamu imalizike mapema, au gari ya hoteli imfikishe. Meneja mmoja alinijibu kwamba ratiba haibadiliki. Meza tatu tu zina watu. Ratiba inamngoja nani?

Haya, nimeona mikono. Tuanze na ndugu yetu wa Pemba, maana kule hoteli ni chache na mambo yana sura nyingine.