Mashine ya CNC ya Kujiundia: Tuanzie Kwenye Fremu

Ndugu wasikilizaji, anayetaka kujiundia mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kukatia mbao na plaiwudi huulizia mota kwanza: ya ukubwa gani, ya volti ngapi. Naomba tuanzie kwenye fremu, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Biti, yaani kikatio kinachozunguka, ikiingia kwenye mbao, mbao nayo inaisukuma. Daraja, yaani boriti ya juu inayobeba spindeli (mota inayozungusha biti), likijipinda hata nusu milimita, biti inatetema, ukingo unatoka na mawimbi, na mwishowe biti inakatika. Mota kubwa haitibu ugonjwa huo. Tena kupinda hakukui sawasawa na urefu: ukirefusha daraja mara 2 kwa mzigo uleule, litapinda mara 8. Kwa hiyo mashine ya kwanza iwe na eneo la kukatia la milimita 600 kwa 400, usitamani karatasi nzima ya plaiwudi. Daraja lijengwe kwa bomba la mraba, la chuma au alumini nene, kwa kuwa halipindi kwenda chini tu, linajisokota pia; bamba bapa hujisokota kirahisi mno. Na mhimili wa Z, yaani sehemu inayopandisha na kushusha spindeli, usining'inie chini kuliko inavyohitajika.

Reli ambazo daraja hutembea juu yake nazo zishikwe urefu wake wote. Fimbo ya duara iliyofungwa ncha mbili tu hubonyea katikati. Unapozifunga, nyoosha reli ya kwanza na uikaze kabisa. Ya pili acha bolti zake zilegee, sukuma daraja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kaza kila bolti daraja linapofika karibu yake. Ukikaza reli zote mbili kwa kupima kwa rula, daraja litakwama njiani, na utadhani mota ni dhaifu.

Kisha pima pembe. Chora kwa mashine yenyewe mstatili wa 400 kwa 300. Kila ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona, uwe milimita 500. Tofauti ya milimita 1 kati ya milalo miwili inaonekana ndogo, lakini maana yake daraja limekwenda upande kama milimita 0.6 katika kila 300. Kabati haliwezi kufungika vizuri kwa vipande vya namna hiyo.

Sasa mota. Mota ya hatua ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva, yaani kifaa kinachoilisha mota umeme, ukiiweka igawanye kila hatua mara 8, ni 1600. Skrubu ya mipira, inayogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kunyooka, ikisogeza milimita 5 kwa mzunguko inakupa 1600 gawanya kwa 5, yaani hatua 320 kwa milimita. Namba hiyo ndiyo unayoiandika kwenye GRBL, programu inayoongoza mota. Je, mashine ikiagizwa milimita 300 ikaenda 298? Wengi hukimbilia kubadilisha ile 320. Usifanye hivyo kabla ya kukagua kiunganishi cha mota na skrubu, maana skrubu ndogo ya kukazia ikilegea, shafti huteleza ndani yake, na hakuna namba itakayorekebisha hilo. Kagua pia kupwaya kwa nati inayotembea kwenye skrubu: sogeza mbele, rudisha nyuma, tazama geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo sana.

Msigawanye hatua kupita kiasi. GRBL kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki, hutoa takriban hatua 30,000 kwa sekunde. Ukigawanya mara 32, milimita moja inataka hatua 1280, na mwendo wa milimita 3000 kwa dakika unadai 64,000 kwa sekunde. Haiwezekani. Tena mota hizi kwa kawaida hazina macho: hatua ikipotea, kompyuta haijui, inaendelea kukata mahali pasipo pake.

Kwa umeme nasisitiza machache tu. Usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme. Draiva inaweza kuungua papo hapo. Swichi za kikomo, zinazoizuia mashine kupita mwisho wa njia yake, ziwe za aina inayofunga sakiti wakati haijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame. Kitufe cha dharura kikate spindeli pia. Miwani vaeni, na vumbi livutwe.

Tumalizie na mwendo wa kukata. Zidisha mizunguko ya spindeli kwa dakika, idadi ya makali ya biti, na unene wa chembe ambayo kila kali linakata. Biti ya milimita 6 yenye makali 2, mizunguko 18,000, chembe ya milimita 0.05, ni milimita 1800 kwa dakika. Kwa plaiwudi anzeni na kina cha milimita 2 kila biti inapopita. Ukinusa moshi usipunguze mwendo, kwani biti inayokwenda polepole inasugua badala ya kukata, na msuguano ndio unaoiunguza mbao. Ongeza mwendo, au shusha mizunguko ya spindeli.