Kukarabati Ufito wa Zamani wa Mwanzi: Nini Kiguswe, Nini Kiachwe

Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Ufito wa kuvulia samaki nitakaouzungumzia jioni hii si mwanzi mzima uliokatwa na kufungwa mshipi. Umeundwa kwa vipande sita vyembamba, kila kimoja kikiwa kimerandwa hadi kikapata umbo la pembetatu, kisha vyote vikaunganishwa kwa gundi vikawa kitu kimoja chenye pande sita. Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa Easton, Pennsylvania, hutajwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii nchini Marekani katika miaka ya 1840; baadaye Hiram Leonard wa Maine aliigeuza kuwa biashara kubwa kwa kutumia mashine ya kuchongea vipande hivyo. Mwanzi wenyewe ulitoka kwanza India, kisha kusini mwa China, na huu wa pili, uitwao wa Tonkin, ndio uliopendwa zaidi. Marekani ilipoizuia biashara ya China mwaka 1950, wakati wa Vita vya Korea, mwanzi huo uliadimika na faibaglasi ikashika soko.

Nguvu ya ufito imo katika tabaka la nje la mwanzi, chini tu ya ganda lake, ambako nyuzinyuzi zimesongamana kuliko ndani. Kwa hiyo anayeanza ukarabati kwa kuusugua kwa msasa mkali, hata kama nia yake ni kuung'arisha tu, anaondoa kile kinachoufanya ujipinde na kurudi, na hasara hiyo hairekebishiki. Vanishi kuukuu na ikwanguliwe taratibu kwa ukingo wa kisu ulioshikwa wima, upande mmoja baada ya mwingine, na mkono usimame mara tu mwanzi unapoonekana. Kabla ya hapo, tazama juu ya kishikio: huko ndiko mafundi wengi walikoandika jina kwa wino. Mimi sehemu hiyo siikwangui kabisa. Naisafisha na kuipaka vanishi mpya juu ya ile ya zamani, hata kama rangi hazitalingana. Wapo wasioafiki, lakini ufito usio na jina la aliyeuunda umepoteza ushahidi wake.

Pima na uandike mahali pa kila kipete cha kupitishia mshipi kabla ya kukata uzi wowote unaokifunga kwenye ufito. Uzi huo ni wa hariri, nao una hila yake: ukipakwa vanishi moja kwa moja hupoteza rangi na kuwa kama kioo, hata mwanzi ukaonekana chini yake. Anayetaka rangi ibaki lazima atangulize dawa ya kuikinga. Unapoufungua uzi wa zamani, chunguza upande wake wa ndani usiopigwa na jua, maana rangi iliyobaki hapo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya awali.

Ncha iliyopinda hunyooshwa kwa joto la wastani, na hapa ndipo penye hatari. Fito nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Ukizidisha moto, vipande sita vitaachana mkononi mwako. Kama pindo ni dogo, liache, au hamishia vipete upande wa pili ili uvuvi wenyewe ulivute kinyume. Viungio vya aloi ya shaba, nikeli na zinki, vinavyounganisha sehemu za ufito, vinapolegea, kagua kwanza kama vimepigiliwa kijipini chembamba, kwa sababu kukivuta kiungio chenye pini ni kuupasua mwanzi.

Mwisho hupakwa vanishi, tabaka jembamba baada ya jingine, mahali pasipo vumbi. Usiurudishe ufito katika mfuko wake kwa sababu tu umekauka kwa kuugusa: vanishi changa hugandamana na kitambaa, na itakubidi uanze tena kukwangua.