Akina John Murray saba na karatasi zao

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Ukoo nitakaouzungumzia uliendesha kampuni ya vitabu London kuanzia 1768 hadi 2002, na kila aliyerithi kiti aliitwa John Murray. Saba, mmoja baada ya mwingine. Mtafiti hulazimika kuwahesabu kama wafalme. Wa kwanza, mzaliwa wa Edinburgh aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alinunua duka la vitabu Fleet Street, akaliondoa "Mac" kwenye jina lake la MacMurray. Siku hizo Waskoti hawakupendwa sana London. Huyo tumwache.

Aliyeipa kampuni hadhi ni mwanawe. Mwaka 1812 Murray wa pili alihamia nyumba namba 50, Albemarle Street, na mwaka huohuo akatoa mashairi yaliyomfanya Lord Byron kuwa gumzo la mji. Mwaka 1814 utenzi mwingine wa Byron, The Corsair, uliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza. Mashairi hayo, jamani! Wachapishaji mliomo humu ndani msinune. Emma, riwaya ya Jane Austen, nayo ilitoka kwake.

Byron alifariki Ugiriki Aprili 1824. Alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake, akampa rafiki yake Thomas Moore, naye Moore akamuuzia Murray kwa zaidi ya pauni 2,000. Tarehe 17 Mei watu walikusanyika Albemarle Street wakabishana kama zichomwe. Moore alipinga, hakusikilizwa. Kurasa zikachanwa, zikatiwa motoni mlemle sebuleni. Murray alikuwa upande wa waliotaka zichomwe, na yeye mwenyewe hakuwahi kuzisoma. Wapo wanaomsifu kwa kulinda heshima ya marehemu. Mimi simsifu. Mchapishaji anayechoma mswada ambao hajausoma, hata kama fedha ni zake, amevuka mpaka wa kazi yake.

Ajabu ni kwamba ukoo huohuo ulikuwa bingwa wa kutunza karatasi: barua, miswada, madaftari ya hesabu, vizazi na vizazi, chini ya paa lile lile.

Murray wa tatu alipata fedha kwa vitabu vya kuongoza wasafiri, kuanzia 1836. Mwaka 1859 mwanasayansi Charles Darwin alimletea mswada juu ya asili ya viumbe. Mshauri wake, padri Whitwell Elwin, alisema afadhali Darwin aandike kuhusu njiwa, kwa kuwa njiwa wanapendwa na kila mtu. Murray akachapa nakala 1,250, na wenye maduka wakazigombania zote.

Huyohuyo ndiye aliyechapisha safari za David Livingstone mwaka 1857, na hapa kisa kinagusa pwani yetu. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wa msafara wake, Chuma, Susi na wenzao, walibeba mwili wake hadi Bagamoyo, pamoja na madaftari yake. Baadaye Chuma na Susi walikwenda Uingereza kumsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuyaandaa madaftari hayo, na Murray akayatoa mwishoni mwa 1874. Fungueni ukurasa wa jina: Chuma na Susi wametajwa, lakini kama "watumishi waaminifu". Bila mabega ya msafara ule, Murray angechapisha nini?

Murray wa tano hakuwa na mtoto. Kampuni ikaenda kwa mtoto wa dada yake, aliyezaliwa akiitwa Grey; naye akachukua jina la Murray ili mnyororo usikatike. Wa saba ndiye aliyeuza kampuni kwa wachapishaji Hodder Headline mwaka 2002. Leo John Murray ni nembo tu ndani ya Hachette, kampuni kubwa ya vitabu, na vitabu vyake vinaendelea kutoka.

Karatasi ziliuzwa peke yake. Mwaka 2006 Maktaba ya Taifa ya Scotland ilizinunua kwa pauni milioni 31.2. Anayetaka kusoma barua za Byron kwa Murray sasa azifuate Edinburgh.