Nani Anamdai Mwakilishi Wetu?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote: mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma.

Nimeitwa nizungumze juu ya sheria inayowataka viongozi tuliowachagua watangaze mali zao. Nitaizungumza, ila naomba ruhusa nikawie pale ambapo watu hupapita mbio, nako ni kwenye madeni.

Sheria yenyewe si ngeni hapa Kenya. Tangu 2003, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ilimtaka kila afisa wa umma ajaze fomu ya mapato, mali na madeni: yake, ya mke au mume, na ya watoto walio chini ya miaka 18. Fomu ya kwanza hujazwa ndani ya siku 30 za kuingia kazini, kisha nyingine kila baada ya miaka miwili, na ya mwisho ndani ya siku 30 za kuondoka. Asiyejaza, au anayejaza uongo huku akijua, adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Julai 2025 Rais alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Hiyo imeifuta ile ya 2003, lakini wajibu wa kutangaza umebaki.

Sasa tuhesabu pamoja. Mombasa tuna wadi 30. Mwakilishi aliyeingia Bunge la Kaunti baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 anapaswa kuwa na fomu ya mwaka huo, ya 2023 na ya 2025, na akiondoka 2027 aache nyingine. Fomu moja peke yake haikwambii kitu. Wako watu walioingia siasa wakiwa na mali zao, na mali ya halali si kosa. Ukiziweka mbili kando kwa kando, ya kuingia na ya kutoka, ndipo utaona kilichoongezeka, ukipime na mshahara wa miaka mitano. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina uwezo wa kumtaka mtu aeleze mali isiyolingana na kipato chake, na akishindwa, kuiomba mahakama iitwae. Kesi ya namna hiyo yataka mahali pa kuanzia kuhesabu.

Na hapa pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwenzetu wa bara akitaka kujua mtu ana shamba gani, aenda ofisi ya ardhi akatafuta jina. Sisi Majengo, Kisauni, Likoni, tunaishi na nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu, nyumba ni ya mwengine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi mwezi baada ya mwezi. Mtu aweza kuwa na nyumba kadhaa za kupangisha, na jina lake lisionekane kwenye hatimiliki hata moja. Ongeza mirathi ambayo haijagawanywa, shamba bado lina jina la babu aliyefariki zamani na wajukuu wanavuna nazi. Mali kama hizo, karatasi ya serikali inayoweza kuzitaja mbele ya jina la kiongozi ni fomu hii. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wakiiita makaratasi tu.

Haya, madeni. Kampeni ni gharama, na sote twaziona: fulana, leso, mabango, magari, spika, biriani ya mkutano. Nani alilipia? Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilitungwa 2013, lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 ulipita bila viwango vya matumizi kutekelezwa. Basi mgombea asiye na pesa hukopa, na anayemkopesha mara nyingi si benki. Ni mfanyabiashara, ni kontrakta, ni mtu anayetaka tenda ya kuzoa taka au kukarabati barabara. Wazee wetu walisema dawa ya deni kulipa. Mimi nauliza, huyu atalipa kwa pesa za nani? Mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana na mawaziri wake. Atamhoji vipi kontrakta anayemdai?

Fomu ya sheria ya 2003 iliuliza maelezo ya deni na kiasi chake kwa makadirio. Kuandika “mkopo, shilingi milioni 4” hakutoshi. Nasema bila kuficha: jina la aliyekopesha lazima liandikwe, na mwananchi aweze kulisoma. Katiba, kifungu cha 75, inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Tutaujuaje mgongano huo ikiwa mdai hajulikani?

Ndugu, shemeji na mtoto wa miaka 19 hawakuwemo kwenye fomu ile, na kila mmoja hapa anajua mali hupitia mikono gani.

Mwanzoni fomu hizi zilikuwa siri kabisa. Baadaye sheria ilirekebishwa, mwenye sababu ya haki akaweza kuomba kuziona, na mwenye fomu akapewa nafasi ya kujitetea. Mlango ni mwembamba, lakini upo, na ni wachache mno wanaoubisha. Mngojeni mgombea wenu kwenye mikutano ya 2027, mumuulize hadharani nani anamdai. Aliye ofisini sasa, mwandikieni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo yaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Mkinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30, mkiambatanisha nakala ya barua yenu yenye muhuri wa kupokewa.