Pesa Iliyolala Kwenye Mbao

Ndugu mwenyekiti, ndugu washiriki, asanteni kwa kunikaribisha.

Mimi nikitaja sekta ya samani Tanzania, msiwaze kwanza jengo lenye geti na king'ora. Viwanda vya namna hiyo vipo, lakini kitanda unacholalia huenda kimetoka Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, au kwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya mji wako.

Tukifuate hicho kitanda, sita kwa sita, cha mninga. Fundi anachagua mbao kwa muuzaji. Zinapakiwa kwenye guta mpaka kwa mwenye mashine ya kuranda, analipwa hapo hapo. Zinarudi kwa fundi, anakata ndimi, anaunga, anatia gundi. Ubao wa kichwani unapelekwa kwa mchonga nakshi, kibanda cha tatu. Kisha anakuja kijana wa msasa na vanishi. Hakuna aliyemwajiri mwenzake. Kiwanda kipo, ila kimetandazwa mtaani, kila mashine na mwenyewe.

Mfumo huu una faida ambayo wataalamu wetu huipita haraka. Kijana asiye na cheti anaanza kwa kushika msasa, baada ya muda anashika randa, hatimaye anapanga kibanda chake. Na huko mashambani, Njombe na Mufindi, mkulima mwenye ekari chache za misindano (paini) ana pa kuuza miti yake. Shamba la Sao Hill ni la serikali, ndiyo, lakini mbao nyingi za misindano siku hizi zinatoka kwa wakulima wa kawaida.

Sasa, mtaji uko wapi? Mtaji ni advansi ya mteja. Unaagiza kabati, unatoa nusu, na hiyo nusu ndiyo inayokwenda kununua mbao. Mteja wa samani ndiye benki ya sekta nzima, tena benki isiyojua kwamba inakopesha. (Ndiyo maana fundi wako hapokei simu wiki ya tatu: advansi yako imemalizia kabati la mtu mwingine.)

Hapo ndipo tatizo la ubora lilipo, na naomba nilikalie kidogo. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Samani ya ndani inahitaji ubao wenye unyevu wa asilimia 12 hivi, na ukiwa chumba cha kiyoyozi, chini ya hapo. Ubao wa inchi moja ukianikwa kivulini kwa kupangwa vizuri, huchukua miezi kufika karibu na kiwango hicho. Nani atasubiri? Mwenye msitu anataka hela ya ada ya shule. Muuzaji anataka kuzungusha pesa yake. Fundi ana advansi mkononi na tarehe aliyoahidi. Kila mmoja anausukuma ule umajimaji kwa mwenzake, mpaka unafika chumbani kwa mteja. Huko ndiko ubao unakokaukia: mlango wa kabati unapinda, kiungo kinaachia. Tunasema fundi mbovu. Mkono wake hauna kasoro, mbao ndiyo iliyokuwa mbichi.

Wengine watasema ushuru unatosha. Kweli, mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka samani kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya. Siupingi. Lakini mnunuzi wa kabati la kutoka nje, la chengachenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ambalo likilowa linavimba, hafuati uimara. Analiona limekamilika, analipa, anaondoka nalo leo. Ushuru unapandisha bei ya kabati hilo. Haukaushi mbao za Keko.

Zabuni za serikali nazo? Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mteja wa nyumbani analipa kabla, serikali inalipa baada, na mara nyingi baada hiyo ni ndefu. Fundi anayeishi kwa advansi hawezi kutengeneza madawati mia mbili kwa pesa ambayo hajaipata.

Pendekezo langu limetoka kwenye korosho. Tuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2005: mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kwa nini isiwe hivyo kwa mbao? Ubao mzuri, ukipangwa na kutunzwa vizuri, unapanda thamani ukiwa umelala. Ghala lenye tanuri la kukaushia, mtu wa kupima unyevu na kupanga madaraja, mwenye mbao akachukua stakabadhi benki badala ya kuuza mbichi. Fundi naye ananunua mbao kumi tu zilizokauka, zenye mhuri wa kipimo.

Nisingeanza na mninga. Unatoka misitu ya asili, mzigo wake ni mdogo na karatasi zake zina mgogoro. Ningeanza na misindano, pale Mafinga: ni mingi, vipimo vyake vinafanana, mwenye shamba anajulikana, na lori la kuelekea Dar es Salaam linapita hapo kila siku. Swali gumu ni nani amiliki tanuri la kwanza, wauza mbao au chama cha wakulima wa miti, na hapo ningependa kuwasikia ninyi.